Kazi Bila Mtenda: Uhakiki wa Msamiati wa Kiswahili kuhusu Bakteria wa Udongo na Chembenano za Metali, kwa Mfano wa Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili cha elimu, afya na kilimo kinavyoeleza uhai wa bakteria udongoni, hasa pale udongo huo unapoguswa na metali zilizo katika umbo la chembe ndogo mno zinazoundwa viwandani. Mfano wake ni Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, eneo lenye historia ndefu ya shaba na kobalti na ambamo Kiswahili kinakutana na Kikonzo, Kinande na Kiswahili cha Kongo. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili kina vitenzi vizuri vya kueleza kazi ya bakteria wa udongo, lakini vitenzi hivyo havimtaji mtenda. Tena kina nomino za kumtaja mtenda, lakini nomino hizo zimefungwa ndani ya lugha ya maradhi. Pengo hili lina athari katika darasa, katika duka la pembejeo na katika sheria ya mazingira.

1. Mahali ambapo bakteria waliajiriwa

Anayesafiri kutoka Fort Portal kwenda mpakani Mpondwe hupita mji wa Kasese, milima ya Rwenzori ikiwa mkono wake wa kulia. Nyuma ya mji, katika bonde la mto Nyamwamba, kuna Kilembe. Shaba ilichimbwa huko kuanzia 1956, mwaka uleule reli kutoka Kampala ilipofika Kasese, hadi 1982. Shaba iliyochujwa ilipelekwa Jinja kuyeyushwa. Kilichobaki, yaani pairiti, mchanganyiko wa chuma na salfa uliobeba kobalti ndani yake, kilirundikwa Kasese mpaka lundo likafikia takribani tani milioni moja.

Lundo la pairiti lililoachwa wazi halikai kimya. Hewa na maji ya mvua hulifikia, na wapo bakteria ambao chakula chao ni chuma na salfa. Wanapoila pairiti hutoa tindikali, na tindikali huyeyusha metali zilizofungwa ndani ya mwamba. Maji yaliyotiririka kutoka katika lundo hilo yalikata njia kupitia Mbuga ya Malkia Elizabeth kuelekea Ziwa George, eneo la kwanza la Uganda kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar mwaka 1988, na kando ya njia hiyo uoto ulikufa. Baadaye, mwaka 1999, kampuni ya Kasese Cobalt ilifungua kiwanda kilichowatumia bakteria wa jinsi hiyohiyo. Walitiwa katika matangi makubwa, wakalishwa pairiti, wakapulizwa hewa, na kobalti waliyoiachilia ikasafishwa na kuuzwa nje. Lundo lilimalizwa katika miaka ya 2010.

Kwa hiyo Kasese inajua bakteria wa namna tatu. Wapo walioharibu ardhi bila kutumwa na mtu. Wapo waliofanya kazi hiyohiyo ndani ya matangi na kuitwa teknolojia. Wapo pia wale wasiohesabiwa na yeyote, walio katika mashamba ya maharagwe, mahindi, kahawa na pamba kutoka Kilembe hadi Bwera, na ambao bila wao mashamba hayo yasingetoa kitu. Mwenye kutaka kuisimulia habari hii kwa Kiswahili sanifu, kwa mwanafunzi wa sekondari au kwa mjumbe wa halmashauri ya wilaya, atakwama mapema. Atakwama katika kiima, kwa sababu hatajua amtaje nani kuwa ndiye aliyetenda.

2. Vitenzi vinavyojitendea

Wakulima wanaozungumza Kiswahili wana lugha pevu kuhusu udongo. Husema ardhi imechoka. Husema shamba limelazwa, au limepumzishwa. Samadi mbichi huachwa iive kwanza kabla ya kutiwa shambani, kwa sababu mbolea isiyoiva huunguza mimea. Majani yaliyofukiwa huoza yakawa mboji. Nyumbani nako maziwa huganda, togwa huchacha, unga huumuka.

Kila kimoja kati ya vitenzi hivi kinaeleza kazi ya viumbe visivyoonekana kwa macho, na kinaieleza kwa usahihi. Anayesema samadi imeiva ametambua, kwa pua na kwa mkono, kwamba joto la lundo limepanda kisha limeshuka, kwamba amonia imepungua, na kwamba kilichobaki hakitaunguza mche. Mwanakemia atatumia vipimo kufikia hukumu ileile.

Lakini tazama sarufi. Kuiva, kuoza, kuchacha, kuganda, kuumuka, kuchoka: vyote ni vitenzi visivyo elekezi, na vyote huchukua kiima ambacho ndicho kinachopatwa na tendo. Samadi imeiva, haikuivishwa na mtu. Kiswahili kinaweza kuvinyambua: tuna kuivisha, kuozesha, kuchachua, kugandisha. Hata hivyo, katika matumizi, mtenda wa vitenzi hivi vya kusababisha ni binadamu, joto, au kitu kilichotiwa, kama hamira. Hamira ndiyo nomino pekee ya jikoni inayomtaja kiumbe mdogo kwa kazi yake njema. Nayo wengi huiona kama unga wa kununua dukani, hawaioni kama kitu chenye uhai.

Matokeo yake ni kwamba msamiati wetu wa rutuba una kazi bila mfanyakazi. Ardhi inapochoka hakuna anayeulizwa, maana hakuna aliyetajwa.

3. Vijidudu na vita visivyokwisha

Upande wa pili wa lugha, mfanyakazi yupo, ila amevikwa sare ya adui. Neno linalotumika sana ni vijidudu. Umbo lake linajieleza: mdudu amedunishwa kwa kiambishi ki-, kisha akaongezewa -ji-, na udunishaji wa aina hii katika Kiswahili hubeba ukubwa pamoja na hukumu. Kijitu si mtu mfupi tu. Mdudu mwenyewe, katika mazungumzo ya miji yetu, amewahi kuwa tafsida ya virusi vya UKIMWI. Viini, neno jingine la kampeni za afya, limekuwa likiambatana na maradhi kiasi kwamba mtu anayesoma viini bila nyongeza yoyote huijazia nyongeza hiyo mwenyewe.

Mpakani Mpondwe jambo hili linaonekana wazi kuliko mahali pengi. Wafanyabiashara wa Bwera na wa Kasindi huvuka kila siku, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha pale Kikonzo na Kinande vinapokosa kutosha. Juni 2019 Uganda ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza wa Ebola katika mlipuko uliokuwa ukiendelea mashariki mwa Kongo. Walikuwa wa familia iliyovuka mpaka huo, na hospitali ya Bwera ilikuwa mstari wa mbele katika kuwahudumia. Kunawa mikono, klorini na kuua vijidudu vilikuwa, kwa sababu ya haki kabisa, ndio msamiati wa kila siku. Kirusi cha Ebola si bakteria, lakini neno vijidudu halibagui. Linabeba kirusi, bakteria, kuvu na protozoa katika kikapu kimoja. Kutoka upande wa Beni na Butembo huvuka neno la asili ya Kifaransa, mikrobi, nalo limebeba kikapu hichohicho.

Sidai kwamba lugha ya afya imekosea. Katika kituo cha matibabu, kuua ni kitenzi sahihi. Kosa ni letu sisi wa isimu na wa mitaala, tuliouacha msamiati mmoja uliozaliwa hospitalini uhamie shambani bila pasipoti. Kitabu kinapomweleza mwanafunzi kwamba bakteria wa udongo ni vijidudu wenye manufaa, kinamtaka aamini kivumishi dhidi ya nomino. Kwa kawaida nomino hushinda.

Neno bakteria lenyewe lingeweza kutuokoa, lakini sarufi yake haijatulia. Wapo wanaoandika bakteria hawa, wapo wanaoandika bakteria hizi, na wapo wanaoandika bakteria hii wakimaanisha aina nzima. Tofauti hiyo inagusa maana. Upatanisho wa ngeli ya A-WA unampa bakteria hadhi ya kiumbe hai, sawa na nyuki na mchwa. Upatanisho wa I-ZI unamweka pamoja na vitu. Mtafiti wa udongo anahitaji kusema mambo matatu tofauti: bakteria mmoja, aina moja ya bakteria, na jamii nzima ya bakteria wa aina nyingi wanaotegemeana katika kijiko kimoja cha udongo. Katika makala haya nimechagua A-WA, na kwa jambo la tatu nimechagua jamii ya bakteria. Neno jamii tayari linabeba wazo la wengi wasiofanana wanaoishi pamoja, nalo ndilo wazo lenyewe.

4. Madini, fedha na dawa

Tukigeukia upande wa metali, tatizo ni la kinyume. Huko majina yanasifu mno.

Madini ni neno la mali. Ni neno la wizara, la leseni na la ahadi. Kilembe ilipokodishwa kwa kampuni ya Tibet Hima mwaka 2013, na mkataba huo ulipovunjwa mwaka 2017, mjadala wote ulikuwa juu ya madini kwa maana hiyo. Lakini madini ni neno la lishe pia: mama mjamzito huambiwa ale vyakula vyenye madini ya chuma, na chumvi hutiwa madini joto. Ni neno la jiolojia vilevile, ambamo huhusu pairiti nzima na si shaba au kobalti peke yake. Neno metali limo katika kamusi zetu kwa ajili ya kutenganisha dhana hizi, lakini halijatoka darasani. Sasa chukua sentensi ya kawaida: udongo wa bonde la Nyamwamba una madini mengi. Mwekezaji atafurahi. Muuguzi ataona si vibaya. Mkulima atadhani amesifiwa. Hakuna hata mmoja kati yao atakayesikia kwamba shaba na kobalti zimejikusanya katika udongo wa makazi na mashamba, jambo ambalo Mwesigye na wenzake walilionyesha katika utafiti wao wa 2016 kuhusu wakazi wa eneo la mgodi wa Kilembe. Mafuriko ya Nyamwamba ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020 yaliyoharibu hospitali ya Kilembe yamezidi kuyasomba mabaki ya mgodi. Katika hali hiyo, sentensi inayosikika kama sifa ni sentensi ya hatari.

Shaba ina historia nyingine katika lugha yetu. Waswahili walikuwa na jina la salfeti ya shaba, mrututu, kabla istilahi za kemia hazijaundwa. Ilikuwa dawa ya kuchomea vidonda. Baadaye jina hilo likaingia mashamba ya kahawa kama dawa ya kuzuia kuvu. Hapa kuna uangavu wa ajabu. Mrututu unatufundisha kwamba shaba huunguza kiumbe mdogo, awe kwenye kidonda au kwenye jani. Lakini umewekwa chini ya neno dawa, na dawa katika Kiswahili huponya. Dawa ya kunyunyizia huanguka pia ardhini, msimu baada ya msimu. Shaba haiozi na haivukizwi na jua; hukaa kwenye tabaka la juu la udongo, palepale bakteria walipo wengi zaidi.

Halafu kuna fedha. Kati ya metali zote zinazotengenezwa leo katika umbo la chembe ndogo mno kwa lengo la kudhibiti bakteria, fedha ndiyo maarufu zaidi: hutiwa katika bandeji, katika nguo za michezo na katika vichujio vya maji. Kwa Kiswahili, chembe za fedha zilizoingia udongoni zinasikika kama habari njema ya benki. Wapo watakaosema kwamba muktadha utaondoa utata. Unaondoa kwa mtaalamu. Kwa msomaji wa tangazo la halmashauri, muktadha ndio kwanza unatafutwa. Napendekeza metali ya fedha pale utata unapoweza kudhuru, hata kama ni kuongeza neno.

5. Chembe ipi?

Sasa tufike kwenye kitu chenyewe. Nanomita moja ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni. Chembe zinazojadiliwa hapa zina upana wa kati ya nanomita 1 na 100. Bakteria wa kawaida wa udongo ana urefu wa nanomita 1,000 hivi. Chembe ya nanomita 10 mbele ya bakteria ni kama punje ya mahindi iliyobandikwa ubavuni mwa mbuzi. Kadiri kitu kinavyogawanywa ndivyo uso wake unavyoongezeka kwa uzani uleule, na ni kwenye uso ndiko mambo hutokea: ayoni za metali huachiliwa, oksijeni hugeuzwa kuwa maumbo yake makali yanayounguza utando na protini, na chembe zenyewe hung'ang'ania ukuta wa bakteria.

Kiswahili kitaiitaje? Chembe ni neno zuri la kale, la nafaka na mchanga. Lakini katika maandishi mengi ya Kenya chembe hai ndiyo seli, na chembechembe nyeupe ni seli za damu. Mwandishi akisema chembe ndogo huharibu chembe za bakteria, msomaji wa Nairobi na msomaji wa Dar es Salaam hawatasoma sentensi moja. Ndiyo maana nashauri seli iachiwe uhai, na chembe iachiwe vitu.

Kuhusu nano, nimekutana na miundo mitatu katika miswada ninayopewa kuihariri: nanochembe, chembe za nano na chembenano. Wa kwanza unafuata mpangilio wa lugha ulikotoka. Tumezoea kilomita na sentimita, lakini hayo tuliyachukua mazima, hatukuyaunganisha wenyewe. Kiswahili kinapounganisha nomino zake huweka kiini mbele: mbwamwitu, mwanasayansi. Chembenano inafuata desturi hiyo. Kiingi, mwanaisimu aliyeshughulikia istilahi za Kiluganda na Kiswahili, alitupa vigezo vinavyojulikana kwa jina la PEGITOSCA, miongoni mwavyo usahihi, iktisadi, uzalishaji na uangavu. Kwa uzalishaji chembenano inapita: inazaa chembenano za shaba, za zinki, za titani. Kwa uangavu inapita nusu tu, kwa sababu nano haimwambii kitu asiyeijua. Hasara hiyo naikubali. Heri neno lisiloeleweka linaloomba kufafanuliwa kuliko neno linaloeleweka vibaya.

Liko jambo jingine ambalo istilahi nyingi hulisahau. Si kila chembenano imeundwa kiwandani. Vumbi la volkano linazo, na eneo la Katwe na Kikorongo, kusini mwa Kasese, ni nchi ya volkano. Maji ya tindikali yanayotoka migodini nayo huzizalisha: chuma kinapotengana na maji, ile rangi ya kutu inayobaki kwenye mawe ni chembe ndogo za kiwango hichohicho, na hubeba shaba na metali nyingine juu ya uso wake. Kwa hiyo tunahitaji kutofautisha chembenano za asili, chembenano zitokanazo na shughuli, na chembenano zilizoundwa. Neno sanifu halifai kwa hizi za mwisho, ingawa nimeliona likitumika. Litazipa sifa ya ubora ambayo hakuna aliyeipima.

6. Kuua, kudumaza, kubadili

Udhaifu mkubwa kuliko yote haumo katika nomino. Umo katika kitenzi. Karibu kila andiko la Kiswahili linaloeleza athari ya kemikali kwa bakteria hutumia kuua. Ama wamekufa, ama wako hai.

Tazama yaliyotokea Woburn, Uingereza. Kati ya 1942 na 1961 mashamba ya majaribio huko yalitiwa tope la maji machafu lenye metali nzito. Miongo miwili baadaye watafiti waligundua kwamba klova iliyopandwa katika mashamba hayo haikufunga nitrojeni. Giller, McGrath na Hirsch walieleza sababu mwaka 1989: raizobia, wale bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi, hawakuwa wametoweka. Walikuwepo, na vinundu vilikuwepo. Waliosalimika ni wale tu wasioweza kazi. Kitenzi kuua hakiwezi kuisema habari hii. Kwa mkulima wa maharagwe wa Bwera, ambaye hana uwezo wa kununua mbolea ya nitrojeni kila msimu, hii ndiyo habari inayomhusu zaidi: anaweza kung'oa mmea, akaona vinundu, akaridhika, kumbe havifanyi kitu.

Utafiti wa chembenano unaelekea hukohuko. Ge, Schimel na Holden walionyesha mwaka 2011 kwamba oksidi za titani na za zinki katika umbo hilo hupunguza wingi wa bakteria wa udongo wa nyasi na hubadili muundo wa jamii yao, zinki ikiwa kali zaidi. Mwaka uliofuata, Priester na wenzake waliotesha soya katika udongo wenye chembenano: oksidi ya seriamu ilidhoofisha ufungaji wa nitrojeni, na zinki ikapanda mpaka ndani ya mmea. Colman na wenzake (2013) walitia kiasi kidogo cha chembenano za fedha kupitia tope la maji machafu, njia ambayo kweli huzifikisha shambani, wakaona wingi wa vijiumbe ukishuka na gesi ya oksidi ya nitrasi ikiongezeka. Katika habari zote hizi matendo ni kupungua, kudumaa, kubadilika, kupishana. Udongo nao si sahani ya maabara. Mboji hufunika chembe, udongo wa mfinyanzi huzinasa, salfa huigeuza fedha kuwa kitu kisichoyeyuka kwa urahisi, na tindikali huachilia zaidi. Udongo ambao tayari una tindikali na shaba, kama ulio chini ya mabaki ya mgodi, una akiba ndogo ya kukinga wenyeji wake.

Kiswahili hakikosi vitenzi vya hali hizi. Kudumaa ni kitenzi cha kliniki ya mtoto. Kulemaa kipo. Kuzubaa kipo, na sioni aibu kukipendekeza kwa bakteria aliye hai asiyefanya kazi. Kulala tayari hutumika kwa shamba. Ufa umekuwa katika mkabala wetu: tumejenga istilahi kwa kutafsiri orodha za nomino zinazoanza na neno la Kiingereza, na orodha za namna hiyo hazina nafasi ya kitenzi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ilikuwa kazi kubwa, nasi sote tumekula katika sahani hiyo. Tumo tukiendelea na utaratibu uleule wakati jambo linalotakiwa kusemwa ni mwendo, yaani nani anamfanya nani nini, kwa muda gani. Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992) walitufundisha kuanzia katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kabla ya kukopa. Agizo hilo tumelitii kwa maneno ya vitu. Kwa maneno ya kazi hatujalijaribu.

7. Kinachosubiri ufafanuzi

Washauri wa sera waliomo katika ukumbi huu watauliza haya yote yanabadili nini. Yanabadili kinachopimwa.

Kanuni za udongo na maji huweka kikomo kwa uzani: miligramu za shaba kwa kila kilo ya udongo. Chembenano huvunja mantiki hiyo, kwa kuwa uzani mdogo unaweza kuwa idadi kubwa mno ya chembe na uso mpana mno. Umoja wa Ulaya ulilitambua hili mwaka 2011 ulipopendekeza fasili inayohesabu idadi: nusu au zaidi ya chembe ziwe kati ya nanomita 1 na 100. Kiswahili cha sheria hutumia kiasi kwa uzani, kwa ujazo na kwa idadi. Rasimu itakayosema kiasi cha metali kisizidi kiwango fulani haitakuwa imesema lolote kuhusu chembenano, na wakili wa mwagizaji bidhaa ataliona hilo kabla ya hakimu. Uzani, idadi na upana lazima yawe maneno matatu katika fasili, kila moja na kipimo chake.

Si jambo la mbali. Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili katika Katiba kwa marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliagiza mwaka 2021 kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Mwaka huohuo India ilianza kuuza urea iliyoandikwa nano kwenye chupa, kama sifa ya kuvutia mnunuzi, na bidhaa za namna hiyo hazihitaji miaka mingi kufika katika duka la pembejeo la Bwera au kwa wakulima wa skimu ya umwagiliaji ya Mubuku. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya Uganda ya 2019 imeandikwa kwa Kiingereza. Atakayeifafanua kwa Kiswahili ndiye atakayeamua kama metali itakuwa madini, kama chembenano itakuwa dawa, na kama bakteria wa shamba wana ulinzi wowote au ni vijidudu tu.

Ombi langu kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na kwa vyuo vyetu ni la kazi, na si la semina nyingine. Istilahi za udongo ziundwe kutoka mahali, kwa mtiririko wa tukio zima, badala ya kutoka katika orodha ya alfabeti. Kasese inafaa kuwa mahali pa kwanza, maana tukio lote limo humo: mwamba, lundo, tindikali, tangi, mto, shamba, mpaka. Wakaliwe pamoja mkemia wa udongo, mkulima anayezungumza Kikonzo, mfanyabiashara wa Kasindi anayesema mikrobi, na mwalimu wa Kiswahili aliyepangiwa shule ya sekondari huko na ambaye kesho asubuhi ataulizwa na mwanafunzi ni nani aliyeivisha samadi.